Mfarishi wa Cherehani: Maneno kwa Anayeanza

 

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu nimeazimia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kuliona limeandikwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, nalo ni kushona mfarishi kwa cherehani. Wala sikusudii ule mshono ulionyooka ambao kila fundi wa barazani aujua. Nakusudia mshono ambao nguo haivutwi na meno ya cherehani, bali huongozwa na mikono mitupu ya mshonaji, ikaenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, mshono ukazunguka kama mmea utambaao. Wadarizio mashuka na foronya kwa cherehani waujua. Sisi wengine huuona katika nguo za dukani tukadhani ni kazi ya kiwanda, kumbe mara nyingi ni mkono wa mtu aliyejifunza kwa taabu.

Kilichoniingiza mimi katika kazi hii ni baridi. Chuo chetu kiko juu ya milima ya Usambara, upande wa Lushoto, na ajuaye huko ajua jinsi usiku wa Juni mpaka Agosti ulivyo. Watoto wengi wanaolala kwetu hutoka bondeni, Mombo na Korogwe na Tanga, na mzazi wa Tanga amfungapo mtoto mzigo wake humtilia shuka moja, kwani kwao shuka moja ni nyingi. Mwaka juzi tulikuwa na watoto 23 na mablanketi 14. Wadogo walilala wawili wawili, na asubuhi, wakati wa alfajiri, uliwasikia wakikohoa safu nzima.

Ndipo mama watoto akasema, mbona tusishone mifarishi? Cherehani ya miguu ilikuwapo ndani, ya mama yake. Mama mmoja wa mjini alikuwa ametuletea madoti ya kanga kuwa ni sadaka. Mablanketi makuukuu yaliyochakaa yalikuwapo. Kilichokosekana ni mshonaji tu.

Mfarishi, kwa kijana asiyeujua, ni nguo yenye matabaka matatu: nguo ya juu, bitana ya chini, na katikati kitu cha kutia joto, kama vile pamba au blanketi jembamba. Matabaka hayo yasiposhonwa pamoja, kile cha katikati hukimbilia pembeni kikafanya mabonge, na mwenye kulala akabaki na nguo mbili tupu juu ya kifua chake. Kwa hiyo mshono wa mfarishi kwanza ni kamba ya kufunga mzigo, halafu ndiyo pambo. Wazee walishona kwa mkono, na mfarishi mmoja ulichukua wiki nyingi. Sisi tulikuwa na watoto tisa wasio na kitu, na Juni ilikuwa karibu.

Kazi hii alipewa binti mmoja wa miaka 14, mwanafunzi wetu, aliyekuwa amekwisha khitimu na aliyekuwa mwepesi wa mkono. Alikaa cherehanini siku tatu. Siku ya nne nikapita nikaitazama kazi yake, na hapa sina budi kusema ukweli ulivyo. Niliona mishono mirefu kama ya kufunga gunia, na karibu yake mingine iliyorundikana mpaka imekuwa fundo. Nikageuza upande wa chini, bitana imejaa makunyanzi na nyuzi zimefanya viota. Kanga nzuri imekwisha. Nikasema, mbele ya wenzake, "Mwanangu, nguo ya sadaka haichezewi."

Hakunijibu. Aliifunika cherehani, akaondoka, na kwa siku kumi na moja hakuikaribia. Mama watoto alinyamaza mpaka siku hizo zikaisha, kisha jioni moja akaniambia kwa upole, "Maalim, hebu kaa wewe tuone."

Nikakaa. Robo saa haikutimia, sindano ikakatika.

Tangu siku hiyo nimejifunza sababu ya kukatika kwake, na hiyo ndiyo khabari ninayotaka anayeanza aijue kabla hajakaa, ili asije akadhani kwamba Mungu hakumpa mkono wa kazi. Cherehani ya kawaida ina meno madogo ya chuma chini ya sindano. Meno hayo huinuka, huisukuma nguo kidogo, hushuka, kisha hurudi yalikotoka, na katika kila mzunguko nguo huenda kadiri ya pigo moja la sindano, wala haizidi wala haipungui. Aliyebuni hila hii ni Mmarekani Allen Wilson, akapewa hati yake mwaka 1854, miaka mitatu baada ya Isaac Singer kupewa ya kwake. Mamilioni ya watu wameshona mishono iliyo sawasawa kwa sababu ya meno hayo, na wengi wao hawajui kwamba usawa ule si wao, ni wa meno.

Katika mshono huu tunaouzungumza, meno yanashushwa. Na ule mguu wa kukandamiza nguo unaondolewa, ukatiwa mahali pake mguu mdogo wenye tundu na springi, uleule utumiwao na mafundi kutililia nguo zilizotoboka. Basi hapo nguo haishikwi na chochote, na kazi yote ya Wilson imerudi katika mikono yako. Hakuna tena atakayekupimia urefu wa pigo. Ukiipeleka nguo mbio na mguu wako unakanyaga polepole, pigo litakuwa refu, na ukivuta nguo wakati sindano imezama, sindano itapinda, itagonga bamba la chini na kukatika. Ukiupeleka mguu mbio na mkono umezubaa, sindano itadunga pale pale mara ishirini, na uzi utarundikana au utakatika. Ubaya wote nilioulaumu katika kazi ya yule binti ulikuwa ni huu tu: mguu na mkono havijapatana. Na havipatani kwa mtu yeyote katika siku tatu.

Kwa sisi watu wa chuo mfano wake ni rahisi. Mwanafunzi aandikapo, ubao umetulia na kalamu ndiyo iendayo. Hapa kalamu imesimama, yapanda na kushuka mahali pamoja, na ubao ndio uendao. Mimi nimeandika alifu na bee kwa zaidi ya miaka arubaini, na jioni ile sikuweza kuchora hata waw moja. Kichwa chake kilitoka mraba, na mkia wake ukaelekea nisikotaka.

Siku ya pili nilimwita yule binti mbele ya wale wale wenzake waliokuwapo, nikamwonyesha kipande changu, nikamwomba radhi. Wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Lakini yeye hakucheka. Alisema, "Maalim, mimi sikukasirika. Nilidhani nimekula haramu, kwa kuwa nguo ilikuwa ya sadaka nami nimeiharibu." Siku kumi na moja mtoto yule alikuwa amelala na mawazo hayo, kwa neno moja nililolitoa bila ya ilimu. Nikamwambia kwamba mwenye kuaminiwa kitu akakifanyia kazi aliyoagizwa, kwa juhudi yake, bila ya uzembe wala hiana, hana dhambi kikiharibika. Na kwamba mwenye kosa ni aliyemkabidhi kanga mpya kabla hajampa matambara ya kujifunzia, naye ni mimi. Akarudi cherehanini. Tangu hapo yeye ndiye mwalimu, na mimi ni mwanafunzi wake.

Haya basi ndiyo tuliyoyapata, yeye na mimi, na nayaandika kama tulivyoyapata.

Cherehani ya mkono, ile ya kuzungushwa kwa kipini, haifai kwa kazi hii, kwa sababu mkono mmoja umeshikwa na kipini na nguo yataka mikono miwili. Ya miguu yafaa sana, na ya umeme yafaa. Katika za umeme za siku hizi meno hushushwa kwa kibonyezo au kitasa kidogo. Katika nyingi za zamani zile nyeusi huna kitu hicho. Baadhi yake zina skrubu chini ya tumbo la cherehani, na nyingine hufunikwa meno yake kwa bamba dogo. Ukikosa yote hayo, peleka kipimo cha urefu wa mshono kwenye sifuri, na meno yatapanda na kushuka bila ya kuipeleka nguo popote. Sisi ndivyo tunavyofanya.

Tia sindano mpya. Namba 90 yafaa kwa kanga na blanketi, kwani sindano nyembamba mno hupinda katika matabaka matatu. Uzi wa juu na wa chini uwe wa namna moja, tena wa rangi moja kwa anayeanza, ili mkazo ukikosea usionekane sana. Na uwe wa rangi ya nguo, usiwe mweupe juu ya nyekundu, kwani uzi wa rangi ya nguo husitiri aibu nyingi.

Kisha kuna jambo moja dogo ambalo wanaoanza wote hulisahau, nami nililisahau mara tano: kile kitasa cha kuushusha mguu, nyuma ya cherehani, lazima kishushwe kabla hujakanyaga. Mguu huu mdogo haugusi nguo sana, hivyo mtu haoni kwamba uko juu. Lakini kitasa kikiwa juu, visahani vinavyoubana uzi wa juu viko wazi, uzi hauna mkazo, na chini ya nguo patafanyika kiota cha nyuzi ambacho utakikata kwa mkasi huku ukisema maneno yasiyokupasa. Viota vile vya binti siku ile ya nne vilitoka hapo.

Ukianza, zungusha gurudumu kwa mkono sindano ishuke na kupanda mara moja, vuta uzi wa juu, na uzi wa bobini utatokea kama kitanzi. Utoe juu ya nguo, shika nyuzi zote mbili kwa kidole, piga mapigo matatu au manne mahali pamoja ili ufunge, kisha uende. Usipoutoa uzi wa chini, sindano itaushona na kuufunga chini, na utajua ukigeuza.

Mikono ikae pande mbili za sindano kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke, vidole vikiwa mbali na sindano kadiri ya wanda tatu au nne. Usiifinye nguo. Wengine huvaa glovu zenye mpira katika vidole ili nguo isiteleze, na zile za kufanyia kazi bustanini zatosha. Na macho, ewe ndugu yangu, yasitazame sindano! Hili lilikuwa gumu kwangu kuliko yote. Tazama pale unapokwenda, wanda moja au mbili mbele ya sindano, kama mwendesha baiskeli asivyotazama gurudumu lake. Sindano yaijua kazi yake.

Mguu ukanyage kwa mwendo mmoja, si mbio na si kwa kusita sita. Anayeanza huogopa, akakanyaga polepole mno, na kwa kukanyaga polepole mkono hutetemeka na mzunguko hutoka na pembe. Mwendo wa kati, ulio sawa, ndio unaoulainisha mkono. Ukifika mapigo manane mpaka kumi katika inchi moja umekwisha kuwa fundi, lakini usiyahesabu katika mwezi wa kwanza.

Katika Surat Sabaa, aya ya 10 na ya 11, Mwenyezi Mungu ametukhabarisha kwamba alimlainishia chuma Nabii Daudi (A.S.), akamwagiza kutengeneza mavazi ya vita na kuwa na kipimo katika kuziunganisha pete zake. Na wafasiri wamesema katika maana ya kipimo hicho: msumari wa kuunganishia usiwe mnene ukaipasua pete, wala usiwe mwembamba ukalegea. Nimeisomesha aya hiyo miaka mingi, na kila mara nilipita haraka katika neno la kipimo nikaenda kwenye yaliyo baada yake. Sasa sipiti haraka. Nabii wa Mwenyezi Mungu, naye ni mfalme, aliagizwa jambo la mishono, kwamba isirundikane wala isilegee. Na katika hadithi iliyomo katika Bukhari imetajwa kuwa Daudi alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake.

Kwa hiyo aniambiaye kwamba nimekaa kwenye kazi ya wanawake, na wapo walioniambia, namjibu kwamba mafundi cherehani wa pwani yetu wengi ni wanaume tangu cherehani zilipoingia, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Akitaka hoja zaidi ya hiyo simjui nia yake.

Turudi kwenye matambara. Huanzwi na mfarishi. Chukua nguo kuukuu, kata vipande vya mraba, kila upande shibiri moja na nusu, viwili viwili, na katikati yake kipande cha blanketi. Shona kimoja kwa siku, robo saa tu, kisha uache hata kama wataka kuendelea, kwani mabega yakichoka mkono hujifunza makosa. Andika tarehe juu ya kila kipande kwa kalamu na usikifumue. Huu ndio ushauri wa binti, na mimi niliupinga mwanzo kwa kuwa katika chuo chetu mtoto akikosea ubaoni huosha akaandika tena. Lakini ubao haukatiki nyuzi, na nguo iliyofumuliwa hubaki na matundu. Na pia mwenye kufumua kila siku haoni kwamba anasogea. Yeye ana vipande 31. Ukiviweka chini kwa mfuatano waona kama unasoma: vya kwanza ni vurugu tupu, karibu na cha kumi mizunguko inaanza kufungana vizuri, na kufikia cha 20 na kitu mkono umetulia. Mimi nilifika cha 19 ndipo nikaona mzunguko mmoja uliokuwa mzunguko kweli. Nikauonyesha nyumba nzima.

Mzazi mmoja aliniuliza kama kuharibu nguo hivi si israfu. Swali lake ni zuri. Israfu ni kutumia pasipo na faida, na faida ya vipande hivi ni mkono uliofundishika. Isitoshe havitupwi, kwani vyote hushikiwa sufuria za moto jikoni, na katika chuo cha watoto 23 sufuria ni kubwa na vishikio havitoshi kamwe. Israfu ni kuwapa kanga mpya wasiojua.

Sasa mfarishi wenyewe. Kwa anayeanza sioni nguo iliyo bora kuliko kanga, kwa sababu njia yake imekwisha chorwa. Huhitaji chaki. Ifuate mistari ya pindo, zizunguke korosho na maua ya mji kwa ukingo wake, na mfarishi umekwisha. Ukikosea kidogo michoro itakusitiri. Doti moja hutoa mifarishi miwili ya watoto, ikiwa bitana utaifanya ya marekani. Kanga na marekani zifuliwe kwanza, kwani zote hurudi, na rangi nyekundu ya kanga mpya hutoka. Usiposabiri leo utalia siku ya kufua. Bitana iwe kubwa kuliko kanga kwa wanda nne kila upande.

Itandaze bitana sakafuni, uinyooshe, ubane pembe zake kwa mawe; juu yake blanketi; juu yake kanga. Lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha piga bandi kubwa kubwa, safu kwa safu, nafasi ya kiganja kati yake, au tumia pini za kufunga. Kazi ya bandi yachosha mgongo, na kila aliyeiruka amejuta, kwa kuwa makunyanzi yote ya bitana hutokana na bandi chache. Ukikaa cherehanini, anza katikati ya mfarishi na uelekee pembeni. Ukianza pembeni, nguo iliyozidi hukusanyika katikati kama upepo uliofungiwa na haina pa kutokea. Upande unaoingia chini ya mkono wa cherehani ukunje kama mkeka. Na uzito wa nguo usiachwe uning'inie ukingoni mwa meza, kwani utaivuta nguo kinyume na mkono wako. Weka kiti kushoto kwako, na mto juu ya kiti, nguo ipumzike.

Juu ya kitu cha katikati, watu hupenda kuniuliza habari ya sufi, kwa kuwa ni rahisi na miti ipo. Sufi ni ya godoro na mto. Katika mfarishi huteleza na kufanya mabonge, na cherehani huchafuka kwa vumbi lake. Blanketi kuukuu ni bora, hata likiwa na matundu, maadamu matundu hayapandani. Pamba ya kutandaza pia ni nzuri, lakini yataka mishono ya karibu karibu, isizidi shibiri nusu kutoka mshono hadi mshono, ama sivyo ikifuliwa huvunjika vunjika.

Na kufuliwa ni jambo kubwa kwetu. Watoto wadogo wanakojoa, sina haja ya kuficha. Godoro la sufi likiingiwa na najisi ni taabu ya siku tatu, na mara nyingi watu hulianika tu juani wakasema limekauka, na kukauka si tahara. Mfarishi uliobanwa vyema kwa mishono hutiwa maji mpaka dalili ya najisi iondoke, ukakamuliwa, ukaanikwa, na jioni mtoto akajifunika. Hiyo ndiyo faida ya mishono ya karibu ambayo siku zile za kwanza sikuitambua.

Jambo la adabu nalo. Kanga nyingi zina maneno, na baadhi yake zina jina la Mwenyezi Mungu au dua. Kanga hiyo usiifanye mfarishi, kwani mfarishi hulaliwa, hukanyagwa na kukojolewa. Iwekwe kando kwa matumizi yenye heshima. Na wewe mwenyewe, mkono wako ukishakuwa mwepesi, nafsi itakushawishi kuandika aya kwa uzi juu ya mfarishi, khasa ukiwa mtu wa chuo. Mimi ilinishawishi. Usifanye. Chora mawimbi, majani na mizunguko. Mapambo hayajapungua duniani.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya nchi za baridi za Ulaya na Marekani tu. Katika jimbo la Karnataka huko Bara Hindi wapo Masidi, watu ambao asili yao ni Afrika, baadhi yao Waislamu, na wanawake wao hushona mifarishi ya viraka waiitayo kawandi. Huanza kushona pembeni wakizunguka kuelekea katikati, kinyume na nilivyowaeleza, nao huweza kwa sababu hushona kwa mkono na kuilainisha nguo pigo baada ya pigo. Katika kila pembe hutia maua madogo ya vitambaa, na kwao mfarishi usio na maua hayo ni kama uliotoka uchi.

Na huko Marekani kwenyewe, wafuasi wa sindano ya mkono waliidharau cherehani kwa miaka mingi, wakisema si kazi ya mkono. Mwaka 1989, katika mashindano ya mji wa Paducah, zawadi ya kwanza ilikwenda kwa mfarishi ulioshonwa kwa cherehani, na watu walizozana sana. Mimi nimekatikiwa na sindano saba, na sijui ni mkono wa nani ulioshona ikiwa si wangu.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaambia wakeze kuwa atakayemfuata mapema miongoni mwao ni yule mwenye mkono mrefu zaidi, wakawa wakipimana mikono. Kumbe alikuwa Bibi Zainab binti Jahsh, kwa sababu alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na akitoa sadaka. Nilimsimulia binti hadithi hii siku tuliyomaliza mfarishi wa tisa, wiki ya mwisho ya Mei. Alinyoosha mkono wake, akautazama, akaendelea kukata nyuzi.

Kanga ile ya kwanza haikutupwa. Tuliikata sehemu zilizo mbovu, na iliyobaki ikafanywa mfarishi mdogo wa mtoto mchanga wa jirani. Mwaka huu watoto wanaolala ni 26, na wasichana watatu wanafundishwa na binti yule baada ya alasiri. Mimi hungojea zamu yangu.

Mwezi ujao, inshaallah, nitaeleza jinsi ya kushona ukingo wa mfarishi, kwani pembe zake nne zina hila ya peke yake, na mimi pembe ya tatu bado hunishinda. Wassalaam alaykum.